Reli ya Tanga hadi Arusha: Urithi Unaohitaji Ulinzi Wetu

Ujenzi wa reli hii ulianza Tanga mwaka 1893; ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Safari za abiria, zilizositishwa kwa zaidi ya miaka 20, zilirejea Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020 baada ya ukarabati, zikiwafungulia wakazi na watalii njia ya kuelekea Kilimanjaro.

Ukarabati huo hautadumu iwapo tuta litalimwa au mitaro itazibwa. Maji yakikosa njia huchimba udongo chini ya mataruma, reli ikaning'inia na behewa likaanguka.

Wananchi mnakumbushwa kuwa hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini. Tusijenge, tusilime wala tusichunge mifugo humo.