Moalboal inauza macho ya waongozaji

Kisiwa cha Pescador, katika mlango-bahari wa Tañon nchini Ufilipino, ni mwamba wa chokaa wenye vichaka na mnara wa taa. Hakina hoteli wala duka. Hata hivyo bangka, ngalawa za injini za huko, hutoka mji wa Moalboal zikiwa zimejaa wazamiaji na mitungi ya hewa, kwa kuwa chini ya maji kingo zake zinashuka wima kama ukuta zaidi ya mita 30.

Zamani watu walifuata makundi ya dagaa kisiwani hapo. Dagaa wakahamia ufukwe wa Panagsama, huko Moalboal, ambako mtu huwafikia kwa kuogelea bila kukodi chombo. Kwa wenye bangka, bidhaa iliyobaki ukutani ni viumbe vidogo: samaki-chura aliyejibana kwenye sifongo, konokono wa rangi wasio na gamba, uduvi na kaa wa kutafutwa kwa tochi.

Hesabu ya biashara hiyo si mbaya. Kwenye mita 30 mzamiaji humaliza hewa mara mbili ya anavyoimaliza kwenye mita 10. Anayetafuta vidogo hana haja ya kina, basi mtungi uleule humpa muda mrefu wa kupiga picha.

Lakini nani atawaona? Farasi-bahari mmoja mdogo mno, wa takriban sentimita 2, aligunduliwa mwaka 1969 huko New Caledonia, pale mtafiti Georges Bargibant alipokuwa akichunguza tumbawe alilokwisha kulitoa baharini. Ikiwa mtaalamu alimwona mezani tu, mgeni wa siku tatu atamwonaje?

Hapo ndipo mwongozaji anapobeba biashara yote. Mitungi na bangka hununuliwa na yeyote mwenye mtaji. Jicho la kuona vidogo hivyo hupatikana kwa miaka ya kushuka ukuta uleule. Ajabu ni kwamba wateja hutozwa kwa mbizi, na ujuzi huo huachiwa bakshishi. Matokeo yake yanajulikana katika fani hii popote duniani: anayetegemea bakshishi hushawishika kumsukuma mnyama kwa kijiti ili picha ya mteja ipendeze. Mnyama akiumia au akihama, bidhaa imekwenda.

Serikali imefanya sehemu yake: mlango-bahari huo ni hifadhi tangu 1998, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilibatilisha mkataba wa kutafuta mafuta humo. Kilichobaki ni cha kampuni zenyewe, kuingiza ujira wa jicho katika bei. Nawe ukienda, kabla ya kuuliza bei ya bangka, uliza nani atakuongoza na analipwaje.