Mtihani Unaoanzia Kwenye Barafu

Sangara anayevuliwa karibu na Kisorya, pale kivuko kinapoondokea kwenda Rugezi, Ukerewe, anaweza kuishia mezani Ulaya. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliwazuia kwa muda samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu. Tangu zuio lile, hakuna mwenye kiwanda anayeweza kumdharau fundi wa ubora.

Kijana anayetaka cheti cha kimataifa cha kazi hiyo, kama kile cha chama cha ASQ cha Marekani, atakutana na takwimu, uchukuaji wa sampuli na usahihi wa vipimo. Vitabu vinaruhusiwa kwenye chumba cha mtihani. Ruhusa hiyo ina mtego: asiyevizoea atamaliza muda akifunua kurasa.

Mazoezi ya mikono ndiyo yanayofaa zaidi. Kipimajoto kikitumbukizwa kwenye maji yaliyojaa barafu iliyosagwa, kinapaswa kusoma nyuzi 0. Kisha wapimwe samaki watano: 0, 1, 2, 1, 6. Wastani ni 2, na unatuliza moyo, lakini yule wa nyuzi 6 ndiye wa kufuatilia. Alicheleweshwa wapi kuwekwa kwenye barafu? Mtumbwini, au mwaloni?

Kwa masomo ya msingi ya uvuvi, chuo cha FETA kipo Nyegezi, Mwanza, ambako pia ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki.