Kumkimbia Ndovu na Kumkimbilia: Vitenzi vya Kiingereza na Viandamizi Vyake Katika Tafsiri

Kituo cha Miasenyi kiko kati ya Mariakani na Voi, kwenye reli iliyoanza kusafirisha abiria mwaka 2017, katika nyika ya Taita Taveta ambamo ndovu wa Tsavo hupita. Tuchukulie kwamba mwanafunzi amepewa zoezi la kutafsiri onyo la Kiingereza kwa wapita njia wa huko: "run away from elephants". Akifuata neno kwa neno ataandika "kimbia mbali kutoka kwa ndovu". Akitaka kujisahihisha kwa kauli ya kutendea, akaandika "mkimbilie ndovu", atakuwa amempeleka msomaji kwenye pembe za mnyama.

Chanzo cha tatizo ni muundo wa Kiingereza. "Run" hutaja mwendo tu. Mwelekeo huachiwa neno dogo linaloandama. Neno hilo likiwa kielezi, huweza kuhama: "look up the word" au "look the word up". Yambwa ikiwa kiwakilishi, sharti ikae katikati: "look it up". Likiwa kihusishi, halibanduki: "look after it". Aidha, mara nyingi jozi nzima ina maana moja. "Look up" hapa si kutazama juu, bali ni kutafuta neno kamusini.

Aghalabu Kiswahili hakihitaji mwandamizi huyo, kwa kuwa mwelekeo umo ndani ya mzizi: panda, shuka, ingia, toka, hama. Abiria hushuka Miasenyi. Hana haja ya kushuka "chini". (Sisemi kwamba kila "toka nje" ni kosa. Anayemfukuza mbwa jikoni ana haki ya kusisitiza.) Palipo na haja ya kugeuza mkondo, kauli ya kutendea hufanya kazi hiyo. Anayehama Miasenyi anaiacha, anayehamia Miasenyi anaijia. Vivyo hivyo, anayemkimbia ndovu anajiokoa, anayemkimbilia anamwendea. Hata hivyo, kiambishi hicho hakina mwelekeo wake chenyewe: mtu aweza kufungiwa ndani au kufungiwa nje, na aliyefia nchi hatofautiani kwa umbo na aliyefia ugenini. Kwa hiyo jedwali la kulinganisha kila kiandamizi cha Kiingereza na kiambishi kimoja cha Kiswahili, ambalo wengi wetu tumewahi kujaribu kulichora, ni muhali.

Lakini tusidhani kwamba Kiswahili hakina kabisa jozi za namna hii. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifutilia mbali matokeo ya uchaguzi wa rais. Tarehe 5 Septemba 2022 ilitupilia mbali kesi zilizoyapinga matokeo ya uchaguzi mwingine. "Mbali" hapa halitaji umbali, bali ukamilifu wa tendo, na hutaka kitenzi kiwe katika kauli ya kutendea. Liondoe, na "mahakama ilitupilia kesi" itabaki ikining'inia. Tofauti na Kiingereza ni kwamba kiwakilishi cha yambwa hakiigawi jozi: husema "ilizitupilia mbali", kiwakilishi kikiwa kimekwisha kupata nafasi ndani ya kitenzi. Mwanafunzi anayekutana na "throw out" katika habari za mahakama, akaandika "ilizitupa nje", ana kitenzi hicho tayari katika lugha yake.