Unatafuta Fundi wa Kutengeneza Kompaundi Nakuru? Soma Hii Kabla Utume Doh

Kama umetumwa na mathe, ama na bro yako aliye majuu, utafute fundi wa kupanda nyasi, kukata ua na kupanga kompaundi hapa Nax, keti chini dakika tano. Mimi pia nilitumwa, na nikachoma elfu arobaini na tano ambazo hazikuwa zangu. Hii ndiyo ile stori ningependa mtu anipige nayo kabla nishike simu.

Venye nilichomeka

Nilikuwa nimeacha chuo, niko tu kwa mathe Kiamunyi, na familia ikaamua basi huyu sasa ndiye msimamizi wa mambo ya nyumba. Bro yangu ako Minneapolis, kule Marekani. Watu hapa hudhani huko doh inaokotwa. Wacha nikuambie, kuanzia Desemba yeye huamka saa tisa usiku kuingia kwa gari ya kampuni ya kuondoa theluji. Wanapitia nyumba za wenyewe, wanachota theluji mlangoni na kwa njia ya gari, halafu wakati wa joto kampuni hiyo hiyo inakata nyasi na kupanda maua. Hiyo ndiyo doh alituma. Elfu sitini, mathe apate mahali pazuri pa kuketi jioni.

Nikaona picha za fundi fulani kwa WhatsApp. Nyasi kijani, kabro zimenyooka, maua kama ya hoteli. Akakuja, akatembea kompaundi dakika kumi, akasema "hii ni kazi ya siku tatu tu, boss." Akaniitisha elfu arobaini na tano kwanza ya vifaa. Mimi kwa kuitwa boss nikatuma, tena kwa namba yake binafsi.

Kazi ilifanyika, siwezi danganya. Lori moja ya udongo mwekundu badala ya tatu, nyasi zikachomekwa, picha zikapigwa, bro akafurahi. Hiyo ilikuwa mwisho wa Machi. Wiki ya pili ya Aprili mvua ikanyesha usiku mmoja ile ya ukweli. Asubuhi udongo wote na nusu ya nyasi ulikuwa kwa geti ya jirani. Jirani akakuja akiwa amekunja suruali hadi magoti. Mathe ndiye aliomba msamaha, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake nikimpigia fundi. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani.

Swali la kwanza ni maji

Angalia Nakuru ilivyokaa. Juu kuna Menengai, ukingo wake uko karibu mita 2,278 kutoka usawa wa bahari. Chini kuna Ziwa Nakuru, kama mita 500 chini ya hapo, na ziwa halina mto wa kutoa maji nje. Sisi wote tuko katikati kwa mteremko. Maji yakianguka huku juu lazima yateremke, na yatapitia kwa mtu.

Halafu udongo wetu mwingi ni wa volkano, majivu majivu, mwepesi. Maji yakipata njia yanauchimba haraka sana. Ndiyo maana kwa mitaa mingi unaona barabara ya vumbi imegeuka mtaro mvua ikiisha. Na hii kaunti inajua maji yakikosa njia huleta nini. Solai 9 Mei 2018, Mai Mahiu 29 Aprili 2024. Kompaundi ya mathe si bwawa, lakini kanuni ni ile ile.

Fanya hesabu hii rahisi. Mvua ya milimita moja kwa mita mraba moja ya paa ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita mraba 100 ikipata mvua ya milimita 30, hizo ni lita 3,000 kutoka kwa mabati peke yake. Kama hakuna gata na tangi, zote zinaanguka kwa nyasi yako mpya. Hiyo ndiyo ilibeba yetu.

So fundi akikuja, kabla aongee maua, muulize, "Maji yataenda wapi?" Fundi anayejua kazi ataanza kuangalia mteremko, gata, ukuta, na mahali jirani ako. Ataongea mtaro, ngazi za udongo ama mawe pale pameinama. Yule atakuambia "hiyo isikusumbue," mshukuru, mpe chai, mfungulie geti aende.

Picha si kazi

Picha ya siku kazi ilipoisha haikuambii kitu. Kila nyasi ni poa siku ya kwanza. Itisha fundi akupeleke kwa nyumba mbili ama tatu alizofanya zaidi ya mwaka umepita. Nenda kama mvua imenyesha. Ongea na mwenye nyumba ama mtu wa shamba, muulize kama fundi alirudi kitu ilipoharibika. Fundi wa ukweli hatakasirika ukimwomba hivyo. Wengine wazuri sana hata hawana picha, unawapata wakiuza miche kando ya barabara, mikono imejaa udongo.

Nyasi pia ina tabia

Usiambiwe tu "nyasi." Uliza ni gani. Ile ya Kikuyu ni ngumu, inapenda jua, inaenea haraka na inashika udongo poa, lakini lazima uikate kila saa, la sivyo inaingia hadi kwa sukuma za mathe. Pemba inaenea polepole, inavumilia kivuli na haitaki kukatwa sana. Halafu kuna kuchomeka vipande na kuna kutandika mkeka mzima wa nyasi. Kuchomeka ni bei ya chini lakini utangoja miezi kadhaa kompaundi ifunike. Mkeka unaonekana fiti siku hiyo hiyo, bei nayo iko juu.

Wakati pia ni muhimu. Mvua ndefu zetu ni Machi hadi Mei, na huku Nakuru kunaweza kunyesha vizuri tena Agosti. Unataka mitaro iishe wakati wa kiangazi, nyasi ipandwe mvua zikianza tu, ishike mizizi kabla zile kubwa zifike. Mimi nilifanya vyote wiki moja, na mtaro sikufanya kabisa.

Makadirio ya mstari mmoja ni mtego

"Kazi yote elfu sitini." Hiyo si makadirio, hiyo ni bahati nasibu. Fundi akuandikie kila kitu kivyake:

- Udongo mwekundu: lori ngapi, na lori ya tani ngapi.
- Samadi: magunia mangapi.
- Nyasi: aina gani, mita mraba ngapi.
- Mtaro: mita ngapi, kina gani, wa udongo ama wa saruji.
- Kazi ya mikono: watu wangapi, siku ngapi.
- Kuondoa taka na udongo uliobaki.
- Nani atamwagilia maji wiki za kwanza.

Ukishapata hiyo orodha, peleka ile ile kwa mafundi watatu. Sasa unaweza linganisha. Ukiona mmoja ako chini sana kuliko wenzake, angalia mahali amepunguza. Kwangu alipunguza lori mbili, na mimi sikuwa nimehesabu.

Doh ifuate kazi

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Kama fundi anataka doh ya vifaa, nunua vifaa wewe mwenyewe. Enda naye, lipa anayeuza udongo, shuhudia lori ikimwaga, hesabu. Ile doh ya mikono igawanye. Kidogo wakianza, nyingine mitaro ikiisha, nyingine nyasi ikishapandwa. Halafu bakisha sehemu, hata asilimia 10 ama 20, ilipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita na kazi ikiwa bado imesimama. Fundi akijua kuna doh yake kwa huo mtaro, ataukumbuka.

Ukituma kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ubonyeze kukubali. Kama alijitambulisha kwa jina moja na simu inaonyesha lingine, simamisha kila kitu uulize. Hifadhi ujumbe wote wa malipo.

Na usikuwe mkora upande wako. Kuna vijana wanakuja na jembe kutoka Rhonda ama Kaptembwo, wametoka nyumbani bila kitu tumboni. Kazi ikifika pale mlipokubaliana, lipa siku hiyo. Ukichelewesha, kesho wako kwa mjengo mwingine na huwezi walaumu.

Andika, hata kama ni kwa karatasi ya daftari

Ukurasa mmoja unatosha. Majina, namba za kitambulisho, ile orodha ya kazi, tarehe ya kuanza na kumaliza, malipo kwa awamu, na nini kitafanyika kazi ikiharibika ndani ya miezi mitatu. Wote watie sahihi, kila mtu apige picha. Mkiongea kitu kipya kwa simu, mwandikie baadaye kwa WhatsApp, "Tumekubaliana mtaro uongezwe mita tano."

Kwa nini? Juu iko Korti ya Madai Madogo, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2016. Inasikiza kesi za hadi shilingi milioni moja, zikiwemo za huduma uliyolipia usipate. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lakini hakimu atakuuliza mlikubaliana nini. Mimi nilikuwa na picha za maua na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mtu mmoja. Makubaliano yalikuwa kwa mdomo. Kesi yangu ingeanzia wapi?

Bro aliniambia nini

Ilinichukua wiki mbili kumwambia bro ukweli. Nilikuwa nampea zile picha za siku ya kwanza. Mwishowe mathe ndiye alisema, "Mwambie mwenzako, hiyo ni jasho yake."

Hakunipigia kelele. Aliniuliza kama kulikuwa na mkataba, nikanyamaza. Akaniambia huko Minneapolis, theluji ikikoma kuanguka, mwenye nyumba ako na saa 24 kusafisha njia ya miguu mbele ya kwake. Majengo ya apatimenti na ya biashara yanapewa saa nne tu za mchana. Kwa hivyo watu hawangoji ianguke ndiyo watafute kampuni. Wanasaini mapema, kabla baridi ifike. Mkataba unasema theluji ikifika kina gani ndiyo gari ije, saa ngapi, kama ni bei ya kila safari ama ya msimu mzima, na wasipokuja itakuwaje.

Sisi hatuna theluji. Mwaka wa 2008 kando ya Nyahururu mlima uligeuka mweupe, watu wakashika mikononi wakisema theluji imefika Kenya, watu wa hali ya hewa wakasema ni mvua ya mawe iliyoshikana. Lakini tuna mvua, na kila mwaka inakuja miezi ile ile. Bado kila Aprili tunatafuta fundi wa mtaro maji yakiwa yameingia sebuleni, siku ambayo ako na simu ishirini na bei imeruka.

So kama una doh kidogo tu mwaka huu, usianze na maua. Februari, tafuta fundi mmoja wa kuaminika, mkubaliane aje mara mbili kwa mwaka kabla ya mvua. Azibue mitaro, asafishe gata, akate matawi yanayogusa waya na mabati, aangalie pale udongo umeanza kukatika. Halafu aje kila mwezi kukata nyasi kama mfuko unaruhusu. Ni bei ya chini kuliko kurudia kazi yote.

Tulifika wapi

Ile elfu kumi na tano iliyobaki ilinunua saruji na mawe. Mzee mmoja wa mtaa wa chini alikuja, akatembea kompaundi karibu saa nzima bila kuongea, akaweka kijiti mahali maji hupitia. Tulichimba mtaro mimi na yeye siku nne, akanilipisha nusu ya kazi juu nusu nilifanya mwenyewe. Nyasi tulichukua vipande vya Kikuyu kwa jirani yule yule aliyekunja suruali.

Mvua ya Agosti ilipita. Mtaro ukabeba maji hadi barabarani, geti ya jirani ikabaki kavu. Kompaundi haijafanana na ya hoteli bado, kuna mahali pana kipara. Lakini mathe huketi nje jioni na chai yake, na safari hii picha niliyomtumia bro ilipigwa asubuhi baada ya mvua.