Sauti ya Bibi na Wimbo wa Kapkatet

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maana ya maneno hayo niliipata Nakuru, nyumbani kwa jamaa zangu, watu wa pwani waliohamia huko zamani.

Palikuwa na arusi. Bibi yake bi arusi, ajuza wa miaka themanini na ushei, alimwombea dua mjukuu wake, kisha akamwusia maneno machache kwa Kimvita safi. Kijana mmoja wa nyumbani alinasa yote kwa simu. Usiku ule akaikatakata ile kanda, akaipamba, akaihifadhi mahali pa ile ya kwanza, kisha akaituma kwa jamaa wote kwa WhatsApp. Kila mtu alifurahi.

Mwaka haukwisha, Bibi akatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulipokusanyika kumsikiliza tena kwa vipaza sauti, alisikika kama mtu aliye ndani ya mtungi, na uso wake katika kioo kikubwa ulikuwa mirabaraba. Tukauliza, ile ya asili i wapi? Haikuwapo tena.

Je, kijana alikosa nini, ilhali alihifadhi? Alihifadhi, naam, lakini kwa kupunguza. Dakika moja ya sauti ya WAV, yenye ubora wa sidii, huchukua kama megabaiti 10. Dakika iyo hiyo katika MP3 ya kawaida huchukua kama 1 tu. MP3 hupata wepesi huo kwa kutupa sauti ambazo inakisia sikio halitazitambua. Picha za JPEG nazo ni vivyo hivyo: kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena, hupoteza chembe nyingine. Na ukiigeuza MP3 kuwa WAV, utaongeza uzito tu, kilichotupwa hakirudi.

Sisi tuliosoma vyuoni twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwenye kunakili kitabu kwa mkono alitakiwa akilinganishe na asili yake, kwani kosa la mwandishi wa kwanza huwa ndiyo sahihi ya wa tatu.

Sasa tutoke Nakuru, tupite Mau Summit na Kericho, tushike njia ya Sotik hadi Kapkatet. Huko, mwaka 1950, Mwingereza Hugh Tracey aliwanasa Wakipsigis wakiimba. Wasichana walimwimbia juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika hata vijiji vile.

Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika ya Kusini mwaka 1954, na humo kazi zake zikatunzwa. Mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha nyimbo zile Kapkatet. Mmoja wa wanaume walionaswa siku zile alikutwa angali hai, akaisikia sauti ya ujana wake mwenyewe. Miaka 64 ilikuwa imepita! Sisi wa Nakuru, wenye simu za kisasa, hatukuweza kutunza sauti kwa mwaka mmoja.

Tofauti haikuwa mtambo. Tofauti ni kwamba pale palikuwa na mtu aliyeihesabu asili kuwa amana.

Basi ndugu msomaji, ukinasa kisomo, maulidi au wosia wa mzee, ile ya kwanza usiitie mkono. Toa nakala, na kazi yako yote uifanyie katika nakala. Madhali kazi haijakwisha, hifadhi sauti kwa WAV na picha kwa TIFF au PNG. MP3 na JPEG zitengeneze mwisho, mara moja, kwa ajili ya kupelekea watu. Ukitumia programu ya kuunganisha filamu, jua kwamba faili ya mradi aghalabu haina picha ndani yake, huonyesha tu zilipo. Ukizifuta picha, mradi wabaki ganda tupu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, isipunguzwe. Kisha weka nakala kamili katika nyumba mbili, kwani moto na mwizi havibishi hodi.

Kunakili faili kama ilivyo hakupunguzi kitu, hata ukinakili mara mia. Kinachopunguza ni kuibana upya.

Yule kijana wa Nakuru simlaumu, hakuna aliyemfunza. Siku hizi kila akinasa jambo, huniambia, “Ami, asili nimeiweka.” Nami humwitikia, Mungu akubariki, ila sauti ya Bibi ndiyo iliyolipa ada ya somo hilo.