Mhamiaji aliyechora msitu wa Bambi

Watoto wakitazama katuni, macho yao humfuata mnyama anayekimbia. Lakini nyuma yake kuna picha iliyopakwa rangi kwa brashi, na ndiyo inayotuambia tuko wapi na ni saa ngapi. Enzi za kuchora kwa mkono, wanyama walichorwa kwenye plastiki angavu, kisha ikalazwa juu ya picha hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, wachoraji wa Disney walikwama katika filamu ya Bambi. Msitu wao ulijaa majani mengi hata mtoto wa kulungu akapotea humo. Ndipo Tyrus Wong, kijana mzaliwa wa China, alipoleta michoro yake iliyofuata sanaa ya kale ya kwao: ukungu, rangi chache, miti inayofifia. Majani aliyaonyesha vizuri pale tu aliposimama mnyama. Filamu nzima ikafuata mtindo huo.

Wong aliingia Marekani mwaka 1920, akiwa na miaka 10, kwa karatasi zenye jina lisilo lake, kwani sheria iliwazuia Wachina. Alishikiliwa katika kisiwa cha Angel, akahojiwa. Mama yake aliyebaki China hakumwona tena. Sisi tuliopita mipakani tunayajua maswali yale.

Mwaka 1941 Disney ilimwachisha kazi, kufuatia mgomo ambao hakushiriki. Filamu ilipotoka mwaka 1942, alitajwa kama mmoja tu wa wachoraji wa mandhari. Kampuni ilimtunukia heshima yake mwaka 2001. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 106.

Mkiwaonyesha watoto Bambi, waelekezeni pia kwenye ukungu ule. Una mwenyewe.