Kompyuta zimefika shuleni, fundi yuko wapi?

UKITOKA Sakina kuelekea mashariki kwa barabara ya njia nne, ni kilometa 14.1 hadi Tengeru, chini ya Mlima Meru, ilipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Kabla ya kufika huko, jijini kwenyewe kipo Chuo cha Ufundi Arusha, na ukikata kwenda Njiro utakikuta Chuo cha Uhasibu Arusha.

Mji wenye taasisi kama hizo hauwezi kusemwa kuwa hauna wataalamu wa kompyuta. Vyuo vya elimu ya juu nchini huwa na kitengo cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA), chenye watu walioajiriwa kuangalia seva, kuwapa wanafunzi majina ya kuingilia katika mifumo na kurekebisha kinachoharibika. Mwanafunzi anayeshindwa kuona matokeo yake anajua ni mlango upi wa kubisha.

Katika shule za sekondari mambo ni tofauti. Kompyuta huja kwa msaada wa wafadhili, kwa michango ya wazazi au kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), lakini mtu wa kuzitunza haji nazo. Kwa kawaida ufunguo wa chumba cha kompyuta hukabidhiwa mwalimu wa hisabati au fizikia aliyeonekana kuwa na uelewa kidogo wa mashine hizo, naye huendelea na vipindi vyake vyote kama awali.

Mwalimu huyo akihamishwa, maneno ya siri huondoka naye. Huo ndio ugonjwa unaoua maabara nyingi, kuliko hata virusi.

Tatizo hili si geni nchini. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya Serikali kupata hasara katika kazi ya kuhamishia hesabu zake kwenye mashine, ilibidi hesabu hizo zirudishwe kufanywa kwa mikono, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Katazo hilo lililegezwa polepole, hadi likaondolewa katika miaka ya 1990. Zilinunuliwa mashine kubwa wakati wazalendo wenye ujuzi wa kuziendesha walikuwa wachache mno, na lawama ikaiangukia mashine.

Sera ya Taifa ya kwanza ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003, wakati magazeti mengi yakiiita bado Teknohama. Ikafuatiwa na sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ya mwaka 2007, kisha sera mpya ya taifa ya mwaka 2016. Kwa hiyo sera zipo. Kinachokosekana kwa kawaida ni jina la fundi katika ikama ya shule na fungu la matengenezo katika bajeti yake.

Chukua mfano wa shule yenye kompyuta 40. Ikikadiriwa kuwa kila moja itatumika miaka mitano, shule hiyo inapaswa kupata kompyuta nane mpya kila mwaka ili chumba kisizeeke chote kwa pamoja. Ni shule chache zinazopiga hesabu hiyo siku ya kupokea msaada. Siku hiyo kuna kukata utepe, kupiga picha na hotuba za shukrani. Miaka mitano baadaye hakuna sherehe, kuna mashine 11 zinazowaka na nyingine 29 zilizogeuzwa ghala la vipuri.

Umeme nao una sehemu yake. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 150, hivyo mashine 40 zikiwaka pamoja zinahitaji wati 6,000. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kama inavyotokea wakati wa mvua za masika, kinachoungua mara nyingi ni kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta au diski inayohifadhi kazi za wanafunzi. Kifaa cha kutunza umeme kwa dakika chache kinatosha kumpa mwalimu muda wa kuzima kwa utaratibu, lakini betri yake huchoka baada ya miaka michache na isipobadilishwa kifaa chote hubaki pambo.

Wapo waliolitazama jambo hili kwa jicho jingine. Wilayani Karatu, mkoani Arusha humu humu, Shule ya Sekondari Banjika ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kufikiwa na mradi wa Powering Potential, uliochipuka baada ya mwanzilishi wake, raia wa Marekani, kuitembelea Tanzania mwaka 2006. Mradi huo uliweka umeme wa jua na baadaye ukatumia kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, ambazo zinaenea katika kiganja cha mkono na hutumia wati chache tu. Masomo na vitabu viliwekwa katika maktaba ya kidijitali inayofanya kazi bila intaneti.

Faida ya mpangilio wa namna hiyo haipo kwenye umeme peke yake. Mfumo mzima wa mashine hizo hukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Ukivurugika, mwalimu huchomoa kadi, hunakili upya kutoka kadi mama, na mashine hurudi darasani kabla kipindi hakijaisha. Wataalamu wa vyuo vikuu hufanya jambo lile lile kwa kompyuta kubwa: huandaa mashine moja ikawa kamili, kisha huinakili katika nyingine zote. Shule inayorekebisha kompyuta 40 moja baada ya nyingine, kila moja kwa namna yake, inajitafutia kazi isiyokwisha.

Umuhimu wa maktaba ya ndani ulionekana Mei 12, 2024, pale nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti kuyumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Chumba cha kompyuta chenye seva yake, hata iwe ndogo kiasi gani, hakikuwa na sababu ya kusimamisha kipindi.

Lililo mbele ya shule nyingi hivi sasa ni la aina nyingine. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, na ndiyo maana wengi hawakushtuka. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya kuziba matundu ya usalama, ambayo wahalifu wa mtandao huendelea kuyatafuta.

Kuhamia Windows 11 si rahisi kwa shule inayotegemea kompyuta zilizokwishatumika Ulaya au Marekani. Mfumo huo unadai kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2015, hata kama inawaka vizuri, kwa kawaida haina sifa hizo.

Njia zilizobaki ni mbili. Microsoft iliziwekea taasisi za elimu bei nafuu ya kuendelea kupata marekebisho: dola moja ya Marekani kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola mbili mwaka wa pili na dola nne mwaka wa tatu. Kwa shule yenye mashine 40 ni dola 280 kwa miaka yote mitatu. Kiasi hicho si kikubwa, ila kinahitaji mtu anayejua kwamba kipo na wapi pa kukiomba. Njia ya pili ni mifumo huria ya Linux, isiyolipiwa na inayovumilia mashine kongwe. Hiyo nayo inadai mwalimu aliyefundishwa kuitumia, vinginevyo wanafunzi wataikimbia.

Kuna jambo jingine ambalo wakuu wa shule hawalipi uzito unaostahili. Kompyuta ya ofisi ikiharibika, hubebwa kwa bodaboda hadi kwa fundi wa mtaani, ikiwa na diski yake ndani. Katika diski hiyo mna alama za wanafunzi, namba za simu za wazazi, madeni ya ada na pengine hata taarifa za afya za watoto wa bweni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Shule haiko nje ya sheria hiyo. Hatua ya kwanza haina gharama: diski itolewe na kubaki kabatini kabla mashine haijatoka getini, isipokuwa pale diski yenyewe ndiyo mgonjwa. Hapo fundi aitwe afanyie kazi shuleni, mhusika akiwapo.

Hatua nyingine nazo ni za daftari zaidi kuliko fedha. Kila kifaa kipewe namba na kiandikwe lini kiliingia, kimeharibika mara ngapi na nani alikitengeneza. Maneno ya siri ya mitambo yaandikwe, yafungwe katika bahasha na kuhifadhiwa na mkuu wa shule. Nakala ya kumbukumbu za ofisi iwekwe nje ya jengo ilipo kompyuta, kwa sababu mwizi au moto havichagui.

Kuhusu mtu wa kufanya kazi hiyo, Arusha ina nafasi ambayo wilaya nyingi hazina. Wanafunzi wa stashahada katika vyuo vya ufundi hutakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo, na wengi huhangaika kutafuta ofisi za kuwapokea. Shule mbili au tatu za jirani, tuseme za Sakina na Ngaramtoni, zinaweza kuwapokea kwa zamu na pamoja zikamlipa fundi mmoja mwenye uzoefu wa kuwasimamia. Kwa shule moja mshahara wa fundi ni mzigo; ukigawanywa kwa tatu unakaribia gharama ya kununua kompyuta mpya kila zinapokufa.

Wanafunzi wa shule wenyewe wanaweza kusafisha vumbi, ambalo wakati wa kiangazi huziba matundu ya hewa na kuzifanya mashine zipate joto kupita kiasi. Wanaweza pia kubadilisha kibodi na kuandika matatizo katika daftari. Wasipewe maneno ya siri ya ofisi.

Watakaoumia kwanza maabara ikifa ni watahiniwa wa kidato cha nne wanaosoma somo la kompyuta, kwa kuwa mtihani wao una karatasi ya nadharia na nyingine ya vitendo. Karatasi ya nadharia mtoto anaweza kuisomea katika kitabu. Ya vitendo hufanyiwa mbele ya mashine inayowaka, na mtihani huo hufanyika Novemba, mwezi ambao mvua za vuli huanza na umeme huwa haueleweki.